Asubuhi Bibi Alipolizima Lundo

Komeo la mlango wa nyuma lililia kwii, kama panya aliyekanyagwa mkia, na Bibi akalisihi kwa kunong'ona: "Nyamaza wewe, utamwamsha mtoto."

Nje kulikuwa bado giza. Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamke mzima, mwanafunzi wa chuo cha kilimo aliyeletwa hapo nyumbani ajifunze kwa vitendo kazi ya bibi shamba, ya kuwafundisha majirani kilimo. Lakini kwa Bibi, kila aliyelala chini ya paa lake na hana mvi alikuwa mtoto. Na leo mtoto huyu alikuwa na mtihani. Bibi alitaka akiamka akute chai imeiva na maji ya kuoga yamepashwa moto.

Alipotoka uani baridi ilimng'ata masikio. Ilikuwa baridi ya kwanza ya msimu. Akageuza macho upande wa bustani, na moyo ukampiga pa! Lundo la mboji lilikuwa linafuka moshi.

Sasa, lundo hilo ndilo lililokuwa mtihani wenyewe. Mwanafunzi alikuwa amelijenga tabaka kwa tabaka: mabua makavu, majani mabichi, samadi ya mbuzi, udongo kidogo, kisha mabua tena, mpaka likamfika kifuani. Katikati yake alichomeka kijiti kirefu. Lundo likiwa zima, alisema, ndani huwa na joto. Ukichomoa kijiti na kukishika, mkono wako utakuambia. Mboji ikiiva inarudishwa kwenye udongo uliochoka. Udongo ukishiba na watu wanashiba, hata mwaka ambao mvua imechelewa na mbolea ya dukani haikamatiki kwa bei.

Asubuhi hiyo mkufunzi wa chuo angekuja kukishika kijiti kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi alikuwa ameshafeli safari moja, kwa mwenyeji mwingine. Akifeli tena, chuo kingemrudisha kwao bila cheti.

Na jana jioni ni nani aliyemwaga majivu ya jikoni juu ya lundo? Bibi huyu huyu. Alikuwa amesikia kwamba majivu kidogo ni mazuri kwa mboji, akaona naye atie mkono wake.

"Ole wangu," alisema. "Nimemwaga pamoja na kaa la moto."

Pafukapo moshi pana moto. Hilo Bibi alilijua tangu hajaota meno. Hakupiga kelele. Alichukua ndoo ya maji akaimwaga juu ya lundo. Akachukua na ya pili. Kisha akaligeukia pipa, akamaliza maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo, hata yale ya kuoga aliyokusudia kumpashia mtoto. Moshi ukafa. Bibi akamshukuru Mungu, akakaa juu ya ndoo tupu, akihema, huku akijiona shujaa.

Mwanafunzi akatokea mlangoni, shuka mabegani.

"Bibi, mbona umelowa hivyo?"

"Nimekuokolea mtihani wako, mwanangu. Lundo lilishika moto. Nimelizima, usiwe na wasiwasi."

Mwanafunzi akalitazama lundo. Maji meusi yalikuwa yakitiririka kutoka chini yake, yakielekea kwenye mchicha. Akachomoa kijiti, akakishika, akakirudisha polepole kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Bibi, ule haukuwa moshi. Ulikuwa mvuke. Jana nililigeuza, likapata joto hasa, na hii baridi ya leo ndiyo iliyouonyesha."

"Mvuke? Kama wa sufuria?"

"Kama wa sufuria."

"Basi nimeipua chungu na chakula hakijaiva."

Midomo ya mwanafunzi ikaanza kutetemeka. Bibi akakunjua mikono tayari kumpokea na kilio chake, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na machozi nayo yakamtoka, ya kicheko au ya jambo jingine. Kisha akamshika Bibi mikono yake iliyolowa.

"Nenda kwanza ukavae nguo kavu. Utashikwa na mafua."

Neno hilo lilimwingia Bibi kuliko kama angekaripiwa. Mtu ameharibiwa mtihani wake, na la kwanza linalomtoka mdomoni ni mafua ya aliyemharibia!

Alirudi na gauni kavu na mpango.

"Sikiliza. Hicho kijiti tukibanike kidogo juu ya makaa. Mkufunzi akifika tunakichomeka haraka. Atashika nini? Moto!"

"Bibi!"

"Kidogo tu."

"Mkufunzi tutamdanganya kwa kijiti. Udongo tutaudanganya kwa nini?"

Bibi akaketi tena juu ya ndoo yake tupu. "Basi tufanyeje? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yanazoleka. Vitu vikavu vitayanywa. Nataka makavu mengi na mikono mingi."

Makavu na mikono! Hilo Bibi aliliweza. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio wa jirani yake, fundi seremala, mtu ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akiliita lile lundo kaburi la majani, ingawa darasa la mboji alilofundisha mwanafunzi uani kwa Bibi hakulikosa hata siku moja.

"Hodi, jirani! Tuna msiba."

"Nani kafa?"

"Lundo."

"Si nilisema ni kaburi?" Seremala alicheka mpaka mbwa wake akabweka.

"Cheka, baba, cheka. Ukimaliza uje na gunia la maranda."

Alimaliza upesi, akaja nalo begani, na mkononi ameshika ndoo ya maji ya kupikia chai, maana alfajiri alisikia ndoo zikimwagwa, akakisia kwamba pipa la Bibi litakuwa kavu. Ndoo hiyo aliitua tu kizingitini. Mama anayeuza mahindi kule barabarani akaleta magunzi. Wengine wa darasani wakaja na mabua, majembe na maneno. Jua lilipochomoza, lundo lilikuwa limefumuliwa lote, limetandazwa uani kama nguo za kuanika.

Katika hali hiyo hiyo ndipo mkufunzi alipofika.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno. Wanafunzi walimwita Shubiri, na yeye alilijua jina hilo na hakulikataa. Utaratibu wake ulijulikana na wote: siku ya ukaguzi mwanafunzi hafungui mdomo. Wanaoulizwa ni wenyeji, kwa kuwa bibi shamba anayejua peke yake hajamfundisha mtu. Basi mwanafunzi akasimama kando, mdomo ameufunga, vidole amevisokota ndani ya shuka.

"Kijiti kiko wapi?"

Seremala akakitoa kwapani. Mkufunzi akakishika.

"Cha baridi."

"Cha baridi sana," alisema Bibi. "Nimelizima mimi." Akamsimulia yote, kuanzia majivu mpaka pipa.

"Ulimwaga maji kiasi gani?"

"Yote."

Watu wakaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka.

"Na mwanafunzi hakukuambia kwamba lundo linaweza kutoa mvuke?"

Bibi aliuona mtego. Akisema hakumwambia, mtoto amekwisha. Akisema alimwambia, atakuwa amesema uongo mbele ya majirani waliojua alikokuwa. Akamtazama mwanafunzi, na mwanafunzi akamtikisia kichwa kidogo: sema kweli.

"Darasa aliliambia," alisema Bibi. "Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni nachemsha chai ya darasa. Siku zote niko jikoni. Hawa wote wamekunywa chai yangu, na somo linanifikia dirishani nusu nusu."

Mama wa mahindi akatazama chini. Vikombe alivyokunywa vilikuwa vingi.

"Hilo ni kosa," alisema mkufunzi. "Mwenye nyumba ndiye aliyekosa somo."

"Ni kosa," Bibi akakubali, "langu na lake, tutagawana. Lakini usiondoke, baba, kabla hujaniuliza ninachokijua."

Mkufunzi akakunja mikono. "Haya. Kwa nini lilipoa?"

"Limekosa pumzi. Humo ndani mna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyopika. Navyo vinahitaji hewa kama mimi na wewe. Nimevizamisha."

"Dawa yake?"

"Kulifumua, maji yachuruzike. Kisha kuchanganya makavu na kulijenga upya. Samadi kidogo, maranda—"

"Maranda kidogo!" seremala akadakia. "Yakizidi yanachelewa kuoza."

"Wewe si ulisema ni kaburi?" mama wa mahindi akamgeukia. "Leo umekuwa profesa?"

"Marehemu anafufuka, mama, nimebadili msimamo."

"Basi toa mguu wako, magunzi yanakaa chini hewa ipite! Na nani kaanza na samadi? Ondoeni!"

"Majani mabichi yafuate."

"Mabua kwanza!"

Wakabishana hivyo, majembe yakienda na midomo ikienda, na punde wakawa wamemsahau mkufunzi kabisa. Walipokosea walisahihishana. Hakuna aliyemgeukia mwanafunzi hata kwa jicho kumwuliza kifuatacho nini. Bibi, ambaye hakupenda kuona mtu mzima amesimama bure, akamtia mkufunzi reki mkononi.

"Saidia hapo pembeni, baba. Panalegea."

Mkufunzi akaitazama reki. Akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akaanza kukusanya. Alikusanya vizuri, kwa mkono wa mtu aliyelelewa shambani, na Bibi akaliona hilo akalipenda.

Lundo liliposimama tena, mkufunzi alijipangusa mikono, akamwendea mwanafunzi.

"Sasa unaweza kusema."

Mwanafunzi alifungua mdomo, lakini mkufunzi akamtangulia.

"Nimewahi kukagua malundo ya moto," alisema mkufunzi, "wenyeji wake hawajui hata yalijengwaje. Hili lako ni la baridi, na wenyewe wanalijua. Umefaulu."

Bibi alipiga kigelegele kikali kiasi kwamba kuku walitawanyika. Mwanafunzi akamrukia shingoni, nusura wote wawili waangukie kwenye mboji.

"Sijamaliza," mkufunzi akasema. "Utabaki hapa mpaka umemfundisha Bibi kila somo alilolikosa. Na chai apike mtu mwingine."

"Nitapika mimi," alisema seremala.

"Tutakufa wote!" mama wa mahindi akajibu, na hapo, kwa mara ya kwanza, Shubiri akacheka. Alikuwa na cheko zuri, la kitoto. Bibi akashangaa mtu kukificha kitu kizuri namna ile.

Alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa safi, maana aliona koti linavyomning'inia mtu yule mabegani, akamsindikiza mpaka barabarani. Gari la chuo lilikuwa likimsubiri.

"Baba, uje tena," alisema Bibi.

"Ukaguzi umekwisha, mama. Chuo hakinirudishi mahali palipokwisha kukaguliwa."

"Nani kakuita kukagua?" Bibi akamwekea kile kifurushi mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Njoo unitembelee tu. Njoo Jumapili, mwanangu. Mimi nipo."