Traboule Haihesabu Watazamaji

Solène Peyrachon ndiye pekee aliyelipwa mshahara kwa ajili ya Traboule, na mwaka ule jambo hilo lilianza kumkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Traboule, iliyopewa jina la vile vichochoro vya kale vinavyopenya ndani ya nyumba za watu, ilikuwa programu ya kuonyesha video, ya bure, isiyo na mwenyewe. Badala ya kampuni moja ya ng'ambo kushika video za dunia nzima na kuwapangia watu cha kutazama, kila aliyetaka aliichukua programu hiyo, akaiweka kwenye kompyuta yake, iwe ya shule, ya maktaba au ya stoo nyumbani, akafungua kile walichokiita nyumba. Nyumba zote ziliunganishwa, hivi kwamba ukiingia moja unaona hadi zile za mwisho wa nchi. Hapakuwa na matangazo wala bosi. Tena hapakuwa na kuhesabu watazamaji: nani katazama nini, mara ngapi, akiwa wapi, yote yalifutwa papo hapo. Sehemu hiyo ya kufuta aliiandika Solène mwenyewe miaka sita nyuma, na hakuna kazi ya mikono yake aliyoionea fahari kuliko hiyo.

Fahari haijazi chungu. Michango ya watu ilikuwa imepungua hadi kubaki ya wale wale, nao wamechoka. Tumaini lililobaki lilikuwa wakfu mmoja wa Paris, ambao ulikuwa tayari kulipa gharama zote kwa miaka miwili. Mjumbe wa wakfu huo, Apolline Masset, mama mpole mwenye miwani ya kamba, aliuliza swali moja tu kwa simu: kwa mwezi, ni watu wangapi wanaoitazama Traboule?

"Mwambie hatujui," alisema Ghislaine Bruyas, mwenyekiti wa chama kilichoitunza Traboule, mkutubi mstaafu ambaye tangu aache kazi hajawahi kumruhusu mtu yeyote kupaza sauti mbele yake.

Walikuwa katika chumba cha chama, juu ya karakana ya baiskeli mtaani Guillotière, na harufu ya mpira na grisi ikipanda ngazi kama kawaida.

"Nilimwambia. Akacheka. Alidhani natania."

"Basi mwambie tena, mara hii usitabasamu."

"Ghislaine, hivi unanisikia kweli? Mkataba wangu unaisha Juni. Wakfu ukikataa, mimi naenda zangu, na hakuna mwingine anayejua kuirekebisha hii kitu. Itakufa! Watu wote mko na shughuli zenu, mnaigusa Jumapili moja moja. Mimi nakuletea msiba, wewe unaniletea falsafa."

"Sijakuletea falsafa, binti yangu. Nimekuletea katiba ya chama. Hatuhesabu watazamaji. Ulikipigia kura kifungu hicho kwa mikono miwili, mpaka nikakuambia ushushe mmoja."

Solène alitaka kucheka, akashindwa. Alishuka ngazi akiwa na hasira ya mtu anayejua kwamba anayembishia ana haki.

Alijaribu njia ya uungwana kwanza. Aliwaandikia wenye nyumba wote, akawaomba kila mmoja akadirie mwenyewe ni watu wangapi hupita kwake, kwa makisio tu, halafu amjulishe. Majibu aliyopata yangemtia kichaa hata mtu mwenye subira kumshinda. Mwalimu mmoja wa Aurillac alimwandikia mahubiri marefu juu ya uhuru, na mwishoni akasahau kutaja idadi. Mwanamke wa Strasbourg alisema atahesabu endapo wengine wote watatangulia. Mwingine alituma picha ya punda, bila neno.

Goulven Kerautret yeye alipiga simu. Huyu alikuwa fundi simu mstaafu wa Bretagne, na nyumba yake ya video ilinguruma chini kwenye ghala, kando ya mapipa ya sida, ile pombe ya tufaha.

"Solène, mwanangu, umeugua?"

"Sijaugua. Nataka idadi tu, Goulven. Ya jumla. Majina sitaki."

"Leo idadi. Kesho utataka mtaa. Keshokutwa rangi ya chupi."

"Usinifananishe na wale wa kampuni za ng'ambo!"

"Ningekufananisha nao ningekuwa nishakutukana. Wewe nakukatalia kwa upendo. Umekula lakini?"

"Sijala."

"Kale basi. Ukishiba hii fikra itakutoka."

Alikula, na fikra haikumtoka. Ilimkera kwamba watu aliowatumikia kwa mshahara wa kubangaiza, akiamka usiku kila seva zao zilipokwama, walimwona yeye kama mwizi mtarajiwa. Aliwapenda, na wakati ule ule alitamani awashike mmoja mmoja mabegani awatikise. Kama wanataka Traboule ife ikiwa safi, alijiambia, yeye hataki. Maiti iliyooshwa vizuri bado ni maiti.

Basi ikafika wiki ya Kupaa kwa Bwana. Sikukuu yenyewe huwa Alhamisi, na hakuna Mfaransa anayekwenda kazini Ijumaa inayofuata. Huunganishwa na Jumamosi kwa kile wanachokiita daraja, na nchi nzima hufunga milango ikaenda kwa wakwe. Jumatano mchana, wenzake wa karakana ya chini wakiteremsha mabati, Solène aliandika kihesabio. Kilikuwa kidogo, mistari michache tu: kila nyumba, kila saa, ingetuma kwake idadi ya watazamaji wa saa hiyo, ikifuta ya saa iliyotangulia, na si kitu kingine chochote. Alipanga kukiondoa Jumanne, baada ya kuonana na Apolline, aliyekuwa anakuja kutoka Paris siku hiyo, kabla mtu hajapata muda wa kukigundua.

Kwa desturi yao, hakuna badiliko linaloingia kwenye Traboule bila kubandikwa kwenye ubao wa mtandaoni ambao yeyote duniani anaweza kuusoma. Unaweka mistari uliyoongeza, jina lako, na maelezo mafupi ya ulichofanya. Vidole vya Solène vilisimama juu ya kibodi. Kisha akaandika: "Marekebisho madogo madogo." Akabonyeza, akachukua begi, akaenda kwa dada yake, mjini Feurs.

Nyumba nyingi zilijisasisha zenyewe, na Alhamisi kabla ya chakula cha mchana kihesabio kilikuwa kinapanda. Solène alikitazama kwenye simu chini ya meza ya dada yake, mkate umemkaa mdomoni bila kutafunwa. Elfu tatu. Elfu kumi na moja. Ilipofika elfu arobaini alitoka nje akasimama karibu na banda la kuku akalia. Miaka sita amepika bila kujua kama kuna anayekula, na kumbe ukumbi ulikuwa umejaa. Alifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo ndiyo iliyomzuia asione alipokosea.

Kosa lenyewe asingelifanya mtu mwingine ila mwenye mshahara. Kwa Solène, siku za daraja zilikuwa za mapumziko. Lakini wale wengine, mwalimu wa Aurillac, mwanamke wa Strasbourg, Goulven na wenziwe, walikuwa watu wa kujitolea. Siku za kazi walifanya kazi za watu, au walilea wajukuu. Wao Traboule walikuwa wakiishughulikia lini? Siku kama hizo hizo! Daraja la Kupaa, mvua ikinyesha Bretagne, wakwe wamelala baada ya kula, ndipo mtu anapofungua ubao kwa raha zake na kusoma mstari kwa mstari kilichoingia wiki ile. Solène alijificha pahali ambapo watu wote wangepita.

Ijumaa asubuhi Ghislaine alimpigia.

"Solène. 'Marekebisho madogo madogo' ni nini?"

Solène alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha wageni.

"Ni namba tu, Ghislaine. Hakuna jina hata moja ndani yake. Soma mwenyewe."

"Nimesoma. Goulven kasoma, Aurillac kasoma, mpaka punda kasoma. Wanajua hakuna majina."

"Sasa kelele za nini?"

"Ungeandika 'nimeweka kihesabio, nitakiondoa Jumanne, nitukaneni', wangekutukana mpaka Jumamosi, Jumapili wakanywa, yakaisha. Wewe umewaandikia uongo ubaoni. Ubao ule ndio kitu pekee tulichonacho, mwanangu. Pesa hatuna, wakili hatuna. Tuna ubao ambapo watu hawasemi uongo."

"Nilikuwa nawaokolea kitu chao!"

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia badala ya kukuandikia."

Je, alikiondoa kihesabio saa ile ile? Angekiondoa angebaki mtupu mbele ya wakfu Jumanne, na aibu imeshamwagika. Akakiacha. Tena alikiacha kwa ukaidi, nao ukaidi ulimgharimu, kwa sababu programu ya bure ina tabia moja ambayo mwenye hasira hupenda kuisahau: yeyote anaruhusiwa kuichukua nzima nzima, kuondoa asichokitaka, kuipa jina jipya na kwenda nayo. Hakuna wa kumzuia. Ndivyo Solène alivyotaka iwe, na alikuwa amewahutubia watu juu ya uzuri wa jambo hilo katika miji mingi.

Ijumaa jioni Goulven aliinakili Traboule, akakiondoa kihesabio, akaiita nakala yake Venelle, neno jingine la kichochoro. Kwenye maelezo aliandika kweli tupu: "Nimeondoa kihesabio alichokiweka Solène bila kutuambia. Nimesikitika." Jumamosi nyumba zikaanza kuhama. Solène aliona kila kitu kwa kile kile kihesabio chake, namba zikishuka kama maji kwenye beseni lililozibuliwa. Alimpigia Goulven mara kadhaa. Hakupokea, na Goulven ni mtu anayepokea hata simu za wauza madirisha.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake haikuvuka hata daraja moja la sikukuu.

Jumanne Apolline Masset alishuka kwenye treni ya Paris, na Ghislaine akawapeleka yeye na Solène kula katika mkahawa wa pale pale mtaani. Quenelle, yale madonge ya samaki ndani ya mchuzi, zilikuja zikifuka mvuke, na hakuna aliyezigusa isipokuwa mgeni.

"Haya," alisema Apolline, "mmenipatia ile idadi?"

Solène alifungua kompyuta akaisukuma katikati ya sahani. Kihesabio kilionyesha kumi na moja.

"Kumi na moja elfu?"

"Kumi na moja, bibie. Watu kumi na mmoja."

Kisha akamsimulia yote, pasipo kujitetea, maana alikuwa amechoka hata kujitetea. Kihesabio, ubao, maneno matatu, Venelle. Ghislaine alikuwa akikata mkate vipande ambavyo hakuna aliyevila. Apolline alisikiliza, kisha akaweka uma chini.

"Nyumba zilikuwa ngapi?"

"Mia tisa hivi," alisema Ghislaine.

"Zimehama ngapi?"

"Orodha iko wazi kwa yeyote. Asubuhi hii zilikuwa zimepita mia nane."

"Wikendi ya Kupaa? Bila mtu kuwalipa, wala kuwaamrisha?"

"Hao ukiwaamrisha ndiyo hawafanyi kabisa," alisema Ghislaine.

Apolline alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. Alikuwa anatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita Solène alihisi pumzi ikimwingia hadi chini.

"Mnajua bodi yangu inataka idadi ya watazamaji kwa sababu gani? Ili wajue kama kuna watu. Basi. Sasa huyu mama ananiambia watu mia nane wameacha wakwe zao mezani wakakesha kwenye kompyuta kwa sababu ya mistari michache waliyowekewa kwa siri. Sijawahi kuona kitu kilicho hai namna hii. Bodi nitaizungumzisha mimi mwenyewe, na watatoa."

"Asante," alisema Solène. "Asante sana, bibie. Hujui—"

"Huyo bwana wa Bretagne," alisema Apolline akitoa simu, "namba yake unayo?"

Solène hakuelewa mara moja. Alimtazama Ghislaine, na Ghislaine akawa anatazama mkate.

"Nyumba ziko kwake," alisema Apolline, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Samahani. Siwezi kuwapelekea bodi ombi la watu kumi na mmoja."

Namba alikuwa nayo kichwani. Aliitaja mwanzo mpaka mwisho. Angeweza kusema hana, na alifikiria kusema hivyo, lakini ile programu ingekufa kweli, na hakuwa ameyafanya yote yale ili ife. Ilimuuma mno kugundua kwamba hata sasa hakutaka ife.

Goulven, ambaye hapokei simu za Solène, alipokea ya mgeni. Apolline aliiweka wazi mezani, wote wasikie. Akajitambulisha, akaeleza habari ya wakfu na miaka miwili. Kule upande wa pili mashine ya ghalani ilisikika ikinguruma.

"Pesa sisi hatujui kuzitumia, bibie," alisema Goulven. "Sisi ni watu wa Jumapili. Hapa kuna wastaafu na walimu."

"Ndiyo maana, Bwana Kerautret. Mtamlipa fundi, awe wa kila siku. Mtu anayeijua hii programu ndani nje. Hamna fundi wa namna hiyo?"

Solène aliinamia simu, akafungua mdomo, jina lake liko kwenye ncha ya ulimi. Ghislaine akamshika mkono kwa nguvu juu ya kitambaa cha meza.

"Tulikuwa naye," alisema Goulven.