Uzi wa Kahawia kwenye Blanketi la Buluu

Mimi sikai. Mama yangu anasema hata tumboni nilikuwa nikimpiga mateke mpaka majirani wakamwonea huruma, na kazini wanasema kiti changu kimeshanisahau. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni mkaguzi wa kiwanda cha kushona. Nasimama kwenye meza ndefu karibu na mlango, na kila nguo inayotoka kwenye vyerehani inapita mikononi mwangu. Naigeuza ndani nje, navuta mshono, nikiona kasoro naitia alama ya chaki na kumrudishia aliyeishona. Kwa hiyo wananiita Chaki. Wakitaka kuniudhi hujikoholesha nikipita, eti vumbi.

Mwezi ule, hata hivyo, kutokukaa kwangu kulikuwa kwingine. Vita vilikuwa vimezuka ng'ambo ya mpaka, na mdogo wangu alikuwa huko. Ameolewa huko, ni mkunga kwenye hospitali ya mji mdogo, ana watoto wawili. Siku ya kwanza ya mapigano alinipigia, akasema wako salama, akacheka na kuniambia, dada, usianze. Baada ya hapo nikawa napiga mimi, na yule mwanamke wa mitambo ananijibu kwamba namba haipatikani. Kufika siku ya ishirini nilikuwa namchukia yule mwanamke kama mke mwenza.

Kazini sikumwambia mtu. Huruma ya watu huniliza, na mkaguzi anayelia haoni mshono.

Ndipo Redio akaja na wazo lake. Redio ni fundi wetu wa kukata vitambaa, mdomo wake na mkasi wake havijui kupumzika. Alisema tufanye kazi Jumamosi nne mfululizo, na malipo yake yote yaende kwa raia wa vile vita. Tukakubaliana wote, jambo ambalo halijawahi kutokea pale tangu kiwanda kifunguliwe. Ubishi ukaja kwenye kumpata wa kumkabidhi. Huyu ana shirika aliloliona kwenye televisheni, yule ana la binamu yake, mwingine anasema mashirika yote ni wezi, bora tupeleke wenyewe, kana kwamba risasi zinajua kuchagua. Mama Vifungo akaukata ubishi. Ni mkubwa wetu kwa umri, kazi yake ni vifungo tu, na akisema watu hunyamaza. Alisema Chaki achague. Miaka kumi hajatupitishia kitu kibovu, basi ayageuze hayo mashirika ndani nje kama anavyogeuza makoti, Ijumaa atupe jibu, na jibu lake ndilo.

Kwa kweli nilikuwa nimepitisha kitu kibovu mara moja. Nitalisema mbele. Siku ile nilinyamaza na kukubali, haraka mno. Mtu makini angejiuliza kwa nini.

Redio alinipa namba tatu. Jumatatu, saa ya mapumziko, nikatoka nje nikazunguka ua wa kiwanda simu sikioni. La kwanza lilikuwa lile shirika kubwa. Nikaambiwa nibonyeze moja, nikabonyeza. Nibonyeze nne, nikabonyeza. Mwisho nikampata kijana mwenye adabu zake. Akasema michango yote inaingia mfuko mmoja na kupelekwa penye shida zaidi, na habari za nani yuko mji gani hawazitoi kwenye simu, kwa usalama wa watu wao. Nikilifikiria leo ni jibu la haki kabisa. Siku ile nililiona ni mlango umefungwa usoni pangu.

Namba ya pili ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya mtu asiyelala. Nyuma yake nilisikia madumu yakigongana na watoto wakilia. Nikamtajia mji wa mdogo wangu, nikauliza kama wako pale.

"Hapana, dada," akasema. "Mapigano yalitutoa wiki ya pili. Kwa ninavyojua hakuna shirika lililobaki ndani. Sisi tuko mpakani, tunagawa maji na kuandika majina ya wanaovuka."

Nilimjibu kwamba sikumuuliza habari za mashirika mengine, na nikamkatia simu. Ndivyo nilivyo hasira zikinipanda. Nilizunguka ua mara tatu, damu inachemka, kana kwamba yeye ndiye aliyeanzisha vita.

Namba ya tatu ilipokelewa na mwanamume mwenye sauti laini. Nikamtajia mji. Hakusita hata kidogo. Alisema wako pale, jana tu wamegawa mablanketi pale, wanaingia nyumba hadi nyumba. Nikamwelekeza kiwanda kilipo. Kesho yake asubuhi, kabla sijavaa aproni, alikuwa mlangoni kwetu, kavaa kizibao chenye nembo, mkononi jalada la picha. Mazoea yana nguvu. Tulipokuwa tunasalimiana vidole vyangu vilishaushika upindo wa kizibao chake na kuugeuza. Mshono ulikuwa umenyooka, uzi umekatwa vizuri, hakuna nyuzi zinazoning'inia. Nikajiambia shirika linalovaa mshono msafi hivi haliwezi kuwa la ovyo. Ujinga wa fundi huo. Wenzangu nao walikitazama kizibao wakaguna kwa kuridhika, thelathini sisi, hakuna hata mmoja aliyemtazama mtu aliyekivaa.

Mama Vifungo peke yake alisema, mgeni alipoondoka, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjia juu. Nilimwambia kama anataka kuchagua yeye, chaki ile pale. Mama wa watu akarudi kwenye vifungo vyake, na nilipoteza hamu ya kula mchana kutwa.

Jioni nilipita kwa mama. Mguu wake mmoja ni mbovu, ana mwaka hajavuka kizingiti, anakaa kwenye kiti kando ya dirisha na simu yake mapajani. Nikamwambia tumepata watu, wako kule kule kwa mdogo wangu, wanaingia nyumba hadi nyumba, watamfikia tu. Nilidhani atapiga vigelegele. Alinitazama, akasema, "Haya." Nikafuta meza iliyokuwa safi, nikasogeza pazia, nikalirudisha, nikaaga.

Yule bwana alikuwa ameniachia picha moja, ya huo mgao wa mablanketi. Niliibandika ukutani mbele ya meza yangu. Wenzangu walidhani naitazama kwa huruma. Nilikuwa nakagua nyuso. Jumatano nilizimaliza zote za mbele, Alhamisi nikaanza za nyuma, zile ndogo zenye ukungu. Mashati yalipita mbele yangu kwa mazoea tu. Nadhani siku hizo mbili nilipitisha kola zilizopinda zaidi ya nilizopitisha miaka kumi. Redio aliniambia nikiendelea kuikodolea macho hivi, wale watu watatoka waniombe nafasi ya kupumua.

Kulikuwa na mwanamke mmoja amegeuka, mgongo kwetu. Mabega kama ya mdogo wangu. Ijumaa asubuhi sikuweza tena. Nilichukua kioo changu cha kukuzia, kile cha kuhesabia mishono, nikakiweka juu ya mabega yale.

Alikuwa amejifunika blanketi la buluu, na pembeni mwa blanketi kulikuwa na utepe wa buluu ulioshonwa kwa uzi wa kahawia.

Nilikwenda blanketi la pili, la tatu. Buluu, buluu, uzi wa kahawia. Sasa hapa ndipo lile nililosema nitalisema. Miaka mitatu nyuma tulipata oda ya mablanketi ya watu wa mafuriko, upande wa pili kabisa wa nchi. Katikati ya kazi uzi wa buluu ukaisha. Lori linasubiri, mvua inanyesha, na tajiri wetu akasema mwenye baridi haulizi rangi ya uzi. Tukamalizia kwa wa kahawia, na mimi, Chaki, nikayapitisha yote bila alama. Sikulala wiki nzima kwa aibu. Uzi ule ningeutambua hata usingizini.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimtetea yule bwana moyoni: labda mablanketi yalibaki, labda yalihifadhiwa, labda yalisafirishwa. Nikatoka uani na simu. Nilimuuliza yule bwana ile picha ni ya lini. Akasema ni ya wiki iliyopita, mama. Basi nikamuuliza ilipigwa upande gani wa mto.

"Upande wa mashariki," akasema. "Karibu na daraja."

Mji wa mdogo wangu hauna mto. Nilikwenda kwenye harusi yake, nikaoga kwa kikombe siku nne, maji yananunuliwa kwa dumu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile nilikuwa nimemfagilia mwenyewe. Nilikata simu, nikasimama pale uani. Hasira kwake zilikuwa chache. Kilichoniuma ni kwamba sasa hakukuwa na mtu kule. Nilipokuwa nimedanganywa, mdogo wangu alikuwa na mtu wa kumbishia hodi.

Na hakuna aliyejua. Ningeweza kurudi ndani nikalitaja shirika lile, nikaendelea kuamini kidogo kidogo mpaka Jumamosi ya nne. Siwezi kusema halikunijia. Lilinijia, likakaa nami muda wa kumaliza ua mara mbili.

Kisha nikaingia, nikashusha swichi kubwa. Vyerehani vikanyamaza vyote kwa pamoja, watu wakainua vichwa. Niliibandua picha, nikaiwekea X ya chaki kutoka kona hadi kona, nikaibandika mlangoni mahali ambapo yule bwana ataiona akija. Niliwaeleza uzi, niliwaeleza mto. Kisha likabaki lile moja.

"Nilimchagua kwa ajili ya mdogo wangu," nikasema. "Yuko kule. Leo siku ya ishirini na sita sijamsikia."

Nilisubiri wanilaumu. Nilikuwa nimejiandaa hata kujibu, maana mimi na kosa langu huwa hatukubali kushindwa. Redio akafungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Ungetuambia," Mama Vifungo akasema, "tungekushikia meza."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu thelathini, aproni usoni. Waliniacha nikamaliza. Kisha nikawaeleza habari za yule mwanamke wa madumu na jinsi nilivyomkatia simu. Mmoja wa washonaji akauliza shirika hilo litasaidia nini kama lilikimbia. Mama Vifungo akamuuliza wanaokimbia wanapita wapi. Mpakani, akajibu. Wanafika na nini? Na kiu, akajibu, na mwenyewe akainamisha kichwa. Tukamaliza hivyo, bila hata kunyoosha mikono.

Nilimpigia palepale, wote wanasikiliza. Nilimwomba msamaha, nikamwambia nilikuwa namtafuta mdogo wangu. Hakunikumbuka, nadhani hukatiwa simu na wengi. Nilipomwambia habari ya Jumamosi zetu alishukuru, kisha akauliza lile ambalo sikumwomba: jina la huyo ndugu yangu. Nikamtajia, na majina ya watoto. Nilisikia kurasa zikifunuliwa, nyingi, taratibu.

"Hayupo kwenye daftari langu," akasema. "Siwezi kukuahidi kitu, dada. Saa kumi jioni huwa namaliza kuandika. Piga kesho."

Lilikuwa jibu baya. Niliona ajabu jinsi nilivyolishika.

Jioni nikaenda kwa mama. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakaisha mlangoni.

"Mama, wale watu hawako kule. Nilidanganywa, na mimi nikakudanganya wewe."

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini, alijuaje.

"Mwenye habari njema hukaa akazisimulia. Wewe ulinipa habari za mwanangu umesimama, na viatu miguuni."

Akanisukumia kigoda kwa mguu wake mzima. Nikavua viatu, nikakaa. Nilimweleza yote, tangu uzi hadi daftari, na nilipofika kwenye "hayupo" aliinua mkono.

"Hayupo leo," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikuyumba. Akauliza kesho saa kumi nitapiga nikiwa wapi. Nikamwambia kesho ni Jumamosi ya kwanza, nitakuwa kiwandani.

"Basi nitakuja huko. Nitakalia kiti chako, si hukitumii."

Nilimkatalia, nikamtajia ngazi za kiwanda, nikamtajia mguu. Nilikuwa nabishana na mtu aliyenizaa. Kesho yake Redio na mimi tulimpandisha ngazi tumemshika huku na huku, na saa kumi kasoro alikuwa kwenye kiti changu, fimbo magotini. Mtu mmoja akashusha swichi. Mama Vifungo akaja akasimama kwenye meza yangu, mikono juu ya mashati, kunishikia. Nikachuchumaa kando ya mama, nikaweka simu katikati yetu, nikabonyeza ile namba.