Jina la Nne Ukutani

...na la nne ndilo hilo, alijua litakuja, tangu asubuhi alipoegemeza ngazi kwenye ukuta wa ukumbi alijua, lakini kujua kitu si kukizoea, brashi imeshachovywa, rangi nyeusi inachuruzika taratibu kuelekea kidoleni, na chini pale Mwalimu anarudia, "La nne, fundi. Mdomo wa Shaba, mpiga tarumbeta," anatamka neno kwa neno kama enzi zile alipowasomea imla darasa la tatu, ni yeye aliyeufundisha mkono huu kuandika, sasa mstaafu, katibu wa kamati ya ukumbi, ana karatasi yenye majina kumi na mawili ya wanamuziki wa bendi ya zamani, yote yaandikwe hapa nje watoto wayasome, na hajui... ah, anajua, nani mtaa huu asiyejua kwamba Mdomo wa Shaba ni baba yake fundi. "Nimesikia, Mwalimu," akajibu, na hakusogea. Magoti yamechoka, bega limechoka, miaka hamsini na moja si mingi lakini ngazi huihesabu mara mbili, na mama leo akimmiminia chai alimwambia bila kumtazama, "Mkono niliouogesha mimi usiandike jina lile. Ukilifikia, ruka," akasema ndiyo mama, maana ndiyo ni neno fupi, na mtu aliyechoka huchagua neno fupi... Ndani ya ukumbi cherehani zinanguruma, kina mama wa ushonaji wako kazini, na kitoto kinalia kwa kuwa leo ni siku ya kupima uzito, mizani imetundikwa pale pale jukwaani zilipokaa ngoma, watoto wa mtaa mzima wamening'inia pale wakirusha miguu, na ndiyo maana ukumbi huu bado umesimama, si kwa hotuba za urithi, siku wale mabwana walipoleta katapila ili pawe maegesho ya magari hakuna aliyehutubia, watu walibeba vigoda vyao wakakaa mlangoni siku tatu, jua lao, mvua yao, na mama yake alikaa mstari wa mbele, mama! asiyemtaja mumewe ila kwa kusonya, jirani akamtania, "Si ungewaacha wabomoe, mwenzetu? Ukumbi ndio uliokunyang'anya mume," naye akajibu, "Ukumbi haujanikosea kitu. Mwanangu aliagwa humu."

Hapo sasa. Hapo ndipo fikra zake hukwama kila mara... mdogo wake wa kike, miaka kumi na miwili, homa ya siku nne tu, nyumba yao ndogo na mvua inamwagika, majirani wakasema jeneza lipelekwe ukumbini, likawekwa juu ya meza mbili, watu wakajaa hadi vizingitini, na baba hayupo, alikuwa na miaka miwili tangu ahamie mji mwingine kwa mwanamke mwingine, watu wananong'ona atakuja, hatakuja, mara... tarumbeta, kutoka chumba cha nyuma walikobadilishia nguo wanamuziki, sauti ya chini, polepole, kama mtu anayesema na mtoto bila kutaka kumwamsha, na ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya sauti, dari yake ya mbao iliipokea ikamgawia kila mtu sikioni, mama akainua kichwa, "Nani huyo? Kaangalie." Akaenda. Kijana wa miaka kumi na saba. Akasukuma mlango, na baba alikuwa amesimama peke yake, suruali matope hadi magotini, gari lilikwama akamalizia kwa miguu, macho yamevimba, akaweka kidole mdomoni, usiseme, pasije pakazuka ugomvi mbele ya mtoto... na yeye akarudi kwa mama akasema, "Ni mwanafunzi wake tu. Amemtuma." Eti kwa sababu baba aliomba, eti kumlinda mama, miaka thelathini na minne amejiambia hivyo, lakini hapa juu, jua likimchoma kisogo, hata kujidanganya kunataka nguvu, na nguvu hana... alitaka baba akose. Akose hata hilo, kujulikana kwamba alikuja. Na mama akasema, pale pale mbele ya jeneza, "Hata kumzika mwanawe ametuma mtu," na maneno yale hayakufa, aliwaambia mashangazi, aliwaambia wakwe, aliyasema siku ilipokuja habari kwamba baba amefariki hukohuko, akakataa kwenda kuzika kwa maneno hayohayo, na leo asubuhi yalikuwa ndani ya chai, na aliyeyatunga si mama, ni yeye, fundi wa maandishi, ambaye mabango yake hupauka kwa masika mawili, hajawahi kuandika kitu kikadumu namna hii. Akiliruka jina atakuwa amesema uongo mara ya pili, safari hii kwa rangi. Akiliandika kimyakimya, mama atapita hapa na mkongojo wake, ataona mkono wa mwanawe umemsaliti na hatajua kwa nini... na mwenye busara angesema mwache, ana miaka sabini na mitano, mwache na hasira zake, amezizoea, lakini si zake, ndiyo shida, ni yeye fundi aliyemtwisha, mzigo mgongoni mwa mama na yeye akitembea kando mikono mitupu, akimwambia pole mama.

"Fundi! Umelala huko juu?" Mwalimu. "Au herufi zimekushinda? Shaba ni S na H!" Kina mama dirishani wakaangua kicheko, naye akacheka kidogo, kwa adabu. "Nazikumbuka, Mwalimu." "Basi?" Basi... ataanzaje, mama, kaa kwanza, hapana, ukimwambia mtu akae anajua kuna msiba, atasema hivyohivyo akiwa mlangoni, mikono ina madoa, ni mimi niliyekuficha ukweli, na mama atamtukana au atanyamaza, akinyamaza itakuwa vibaya zaidi, na huenda mwisho aseme bado ruka, ana haki, mwanamke wa mji mwingine hakuwa uongo, basi ataliruka, lakini atakuwa amekataa mama mwenyewe, kwa habari kamili. Mwalimu anajipepea kwa karatasi ya majina. Rangi imepita kidole, inaingia kiganjani, ukuta mbele ya pua yake bado mweupe, na midomo yake imeshaanza bila sauti, mama, alikuja, alikuja kwa miguu.