Jini Mwenye Buti

Amuge alipiga yowe mara nyingine tena. Ghala tupu walilopewa kurekodia filamu nje kidogo ya mji wa Busia lilikuwa na joto la tanuri. Elphas, aliyeigiza jini, alimwachia nywele akajifuta jasho kwa mkono wa koti lake la mvua.

"Nimekuumiza, dada?"

"Yule hakuuliza," Amuge akasema.

Mwaka juzi, akivusha sukari kwa njia ya panya kutoka upande wa Kenya, mtu wa doria ya kuzuia magendo alimburuta hadi ndani ya kibanda. Alipokwenda kushtaki, aliulizwa sukari iko wapi. Kisha Akurut, mwanamke mtengeneza filamu za kutisha, alipata habari zake, akamwomba aigize. Amuge alikubali kwa sharti moja: jini asiwe na pembe wala makucha. Avae buti na koti la mvua, kama yule.

Tangu asubuhi alikuwa anapiga mayowe. Ng'ambo ya barabara watu walianika mihogo. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Adhuhuri mlango ukasukumwa. Aliingia mwenyekiti wa mtaa, mzee Wabwire, na afande wa doria nyuma yake.

"Nani mkubwa hapa?" afande akauliza.

"Ni mimi, afande." Akurut aliinuka.

"Mmekuja kwa ajili ya mayowe?" Amuge akadakia.

Afande akacheka. "Mayowe tumesikia tangu asubuhi, mama. Tumekuja juu ya hizo buti. Watu wanasema jini yenu anavaa kama sisi."

"Ni filamu tu, afande," Akurut akasema.

"Kama ni filamu tu, si mbadilishe? Wekeni mchawi: mchawi ni mwanamke. Hiyo kila mtu anaelewa. Ama namna gani, mzee?"

"Ni kweli." Wabwire aliinamia sakafu. "Mkikataa, ukumbi wa kuonyesha hamtapata. Hapa wala Tororo."

Akurut alimtazama Amuge. Amuge akatikisa kichwa. Akurut akaigeukia kamera kana kwamba hakuona.

"Elphas, vua buti. Wewe ndiye utakayekimbia. Amuge, utakuwa mchawi."

"Haya yalinipata mimi, dada Akurut."

"Najua."

"Basi?"

Akurut alichukua kitambaa cha kufutia lenzi.

Wabwire aliaga. Afande alibaki. Alimzunguka Amuge akimkagua kama mzigo wa forodha.

"Mchawi hawezi kuwa msafi namna hii," akasema.

Aliliendea jiko la chai lililokuwa pembeni, akachota majivu yaliyopoa. Akamshika Amuge kidevu kwa mkono mmoja, akampaka kwa mwingine, polepole: paji la uso, mashavu, midomo.

"Simama vizuri."

Elphas, miguu mitupu, aliangalia ukuta. Akurut alikuwa ameinama, anafuta lenzi. Kamera ilikuwa haijawashwa.