Posa ya Nan Gregoria

Kijiji chetu hupokea wageni Jumamosi, wanaposhuka kwenye boti ya asubuhi. Siku nyingine mimi hufundisha shule ya msingi; Jumamosi hutafsiri nyumbani kwa shangazi yangu, Nan Gregoria ("Nan" kwetu ni kama kusema "Bi"), anayewaonyesha wageni ufumaji. Yeye husema Kikaqchikel, lugha yetu, mimi huwapa wageni Kihispania, na matusi huyaacha njiani.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili boti ilileta wageni watano. Wanne walikuwa familia kutoka Denmark: baba, mama na mabinti wawili warefu. Wa tano alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa huipil ya Santiago, ng'ambo ya ziwa: blauzi ya mistari ya zambarau, yenye ndege walioshonwa shingoni. Alinipa kiingilio mkononi. Nikamwambia watu wa ziwani hawatozwi.

"Mimi ni mgeni," alijibu kwa Kihispania. "Nitoze kama mgeni."

Nilimfahamu. Mtu yeyote anayekwenda soko la Sololá siku ya Ijumaa anamfahamu Nan Antonina, muuza maparachichi. Binti yake, Micaela, ni mke wa Lorenzo, mtoto wa shangazi yangu. Lorenzo hakumposa. Alimtorosha kwa boti baada ya sikukuu ya Santiago, miaka miwili kabla ya siku ninayoieleza. Jambo hilo hutokea, na lina utaratibu wake: wazazi wa kijana huenda kuposa baadaye, mara tatu, wakiwa na mshenga, mkate na chokoleti. Nan Gregoria hakwenda. "Msichana alikuja kwa miguu yake," alikuwa akisema. "Nikaombe nini? Miguu?" Naye Nan Antonina aliapa mbele ya majirani zake kwamba hataingia nyumba ile kama mkwe mpaka aombwe. Micaela hakuweza kwenda kwao na mtoto, kwa sababu mwanamke anayerudi kwao kabla ya posa huhesabiwa ameachika. Mtoto huyo, wa kike, alikuwa na miezi saba, na bibi yake wa Santiago alikuwa hajapata kumwona.

Nan Gregoria alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka. Kwa kawaida yetu, kifaa cha kufumia hufungwa upande mmoja kwenye nguzo na upande wa pili kwenye kiuno cha mfumaji, naye huukaza au kuulegeza uzi kwa mwili wake. Alipomwona yule mwanamke, ubao wa kupigia uzi ulisimama hewani. Kisha akaushusha.

"Wakaribishe," aliniambia. "Na huyo mwenye ndege, mweke mbele. Watu wanaotoka mbali hawaoni vizuri."

"Mwambie mwenye nyumba nashukuru," akasema Nan Antonina kwa Kihispania, akaketi.

Kikaqchikel na lugha ya Santiago ni ndugu. Anayejua moja huielewa nyingine akitaka. Wanawake wale wawili walielewana kila neno. Hata hivyo nilisimama katikati nikatafsiri kwenda na kurudi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Waeleze," alisema shangazi, "kwetu ua hufumwa pamoja na kitambaa. Huzaliwa nacho. Kuna watu hufuma kitambaa kitupu, halafu humbandika ndege kwa sindano, kama kiraka cha suruali."

Wadenmark niliwaambia kwamba kila kijiji kina mbinu yake.

"Mwulize," alisema Nan Antonina, "hilo ni ua? Tangu nimekaa nadhani ni kaa."

"Mwambie kaa hula ndege."

"Mwambie si wa Santiago."

Mama wa Denmark, aliyeona tunacheka, akauliza kitambaa kile kidogo kilichokuwa kikifumwa ni cha nini.

"Cha mjukuu wangu," alisema shangazi. "Atakivaa siku ya ubatizo."

Nan Antonina akakitazama kile kitambaa. Hakikuzidi upana wa viganja viwili. Akaniambia, "Mwulize kama mtoto ameota meno."

"Mwambie mgeni yapo mawili. Ya chini."

Wakati huo Micaela alitoka jikoni na vikombe vya uji wa mahindi. Alimwona mama yake. Kikombe kimoja kilimwagika kidogo juu ya sahani. Akavigawa vyote, na alipofika kwa wa mwisho akasema, "Karibu, mgeni."

"Asante, binti," alijibu mama yake.

Micaela akarudi jikoni, tukaanza kumsikia akipigapiga mikate ya mahindi viganjani, haraka kuliko inavyotakiwa.

Baada ya uji wageni hujaribu kufuma. Tuna vifaa vya mazoezi kwa ajili hiyo, vyenye uzi mnene. Mabinti wa Denmark walifuma vipande vilivyopinda, wakapigiwa makofi. Kisha shangazi akaulegeza mkanda wa kiunoni mwake, akatoka ndani yake, akasema, "Sasa mwenye ndege. Hapa."

Nilidhani amekosea. Hapa kwetu hakuna anayemwachia mwingine kazi yake iliyo katikati. Mkono wa pili huonekana kwenye kitambaa: upana hubadilika, na mpigo pia. Nikamwuliza kama ana hakika.

"Tafsiri, Mwalimu."

Nan Antonina alifungwa mkanda ule. Mstari wa kwanza aliufuma ovyo kwa makusudi, uzi ukining'inia pembeni kama wa wale mabinti. Wa pili mkono ulimkatalia. Alipiga ubao mara mbili, kama wanavyopiga Santiago, akaunyoosha ukingo kwa kidole gumba. Kufikia mstari wa nne alikuwa akiukaripia uzi kwa lugha yake.

"Anajifunza upesi sana!" alisema baba wa Denmark.

"Mwambie wageni wengine wana kipaji," alisema shangazi.

Mtoto akalia jikoni.

Ubao ulisimama. Nan Antonina aligeuza kichwa, lakini alikuwa amefungwa kwenye nguzo, na hakuna aliyemfungua. Nan Gregoria aliingia jikoni, akatoka na mtoto begani na shuka ya kubebea mkononi.

"Waambie sasa tunawaonyesha kina mama wa hapa wanavyobeba mtoto. Nahitaji mgeni mmoja."

Mama wa Denmark aliinua mkono mara moja.

"Si wewe, mama. Mgongo wake mrefu mno, Mwalimu, mtoto atapata kizunguzungu. Sema kwa adabu."

Nilisema kwa adabu. Nan Antonina alifunguliwa mkanda, akainama, na shangazi akamlaza mtoto mgongoni kwake, akafunga shuka kifuani. Mtoto alishika msuko wa nywele zake, akanyamaza. Nan Antonina aliinama na kuinuka mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayepima mzigo wa mahindi kabla ya kuununua.

"Anakula vizuri," alisema. Alisema kwa lugha yake, na mimi sikutafsiri.

Shangazi akanisogelea. "Niulize watu wa hapa wanaoanaje."

"Hakuna aliyeuliza, shangazi."

"Wewe si mwalimu? Uliza."

Nikauliza kwa sauti, kwa Kihispania, ili wote wasikie. Nan Gregoria alisema jambo hilo huonyeshwa, halielezwi. Akatoa kikapu. Akatia mikate iliyonunuliwa Alhamisi, ndiyo iliyokuwepo, na vipande vya chokoleti na mishumaa. Lorenzo alikuwa shambani kwenye vitunguu. Hakuitwa, kwa sababu kijana hana neno katika posa. Shangazi akapiga magoti mbele ya Nan Antonina. Ana magoti mabaya, na zoezi hilo lilichukua muda. Wadenmark wakainua simu zao kupiga picha.

"Mshenga ni wewe," aliniambia.

Maneno ya posa nimeyasikia tangu utotoni ila sikuwahi kuyasema. "Tumekuja kwako tukiwa watu wasio na haya," nilianza. "Tuliingia kwako bila kubisha hodi, tukachukua ua la nyumba yako. Tunaomba utusikilize."

"Sema na ya kuchelewa," alinong'ona shangazi.

"Na tumechelewa."

"Sana."

"Tumechelewa sana."

Micaela alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, unga mikononi. Nan Antonina alikitazama kikapu. Alinyoosha mkono, akabonyeza mkate mmoja kwa kidole. Haukubonyea. Alipojibu, alimjibu shangazi moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

"Rudini kwenu. Binti yangu bado mdogo, hata moto hajui kuwasha. Na mkate wenu ni jiwe."

Mama wa Denmark aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amekataa. Binti yake mdogo aliishusha simu polepole, na baba yao akatazama sakafu.

Sikupata nafasi ya kuwaeleza. Posa ya kwanza hukataliwa, na ya pili pia. Mzazi anayekubali mara ya kwanza huonekana alikuwa na haraka ya kumwondoa mwanawe. Kama Nan Antonina angekuwa anaigiza tu, angecheka, akapokea mkate, na mambo yangeishia barazani. Aliyekataa kwa dhati ameikubali posa kuwa posa.

Shangazi alijiinua kwa kushika nguzo. "Umesikia?" aliniambia, uso umemng'aa. "Amekataa. Amekataa kabisa!" Micaela akajifunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika, kama alikuwa akilia au akicheka, sikuweza kujua.

Karibu na adhuhuri upepo huanza kulichafua ziwa, kwa hiyo tuliwasindikiza wageni mapema. Nan Antonina alimbeba mtoto mpaka gatini. Alimfungua mwenyewe, akamkabidhi Micaela, akamrekebishia kofia. Kisha akamgeukia shangazi.

"Jumamosi naona una wageni. Mimi Alhamisi nipo."

"Alhamisi sina mtu."

"Mkate ununuliwe siku hiyohiyo."

"Nimesikia, Nan."

"Na mtoto aje. Asubuhi ziwa halina neno."

Akapanda boti, akaketi kando ya mama wa Denmark. Yule mama, aliyeamini ameshuhudia uchumba ukivunjika, alimshika mkono na kumpigapiga kiganja kwa upole. Nan Antonina hakuutoa mkono wake. Aliinamisha kichwa kama mtu mwenye majonzi, akaliwazwa hivyo hadi boti ilipopita matete.