Pampu ya Baba

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Binti yake alimfuma nyuma ya nyumba ameshika kile kijiti cha plastiki kinachotoa mvuke, akamwuliza, "Baba, hicho nini?" Kinyozi, ambaye kutwa nzima ulimi haumlali mbele ya wateja, siku hiyo ulimi ulimteleza. Akaropoka lililomjia.

"Ni pampu yangu. Baba naye ana kifua."

Mtoto aliitazama, akaitikia kwa kichwa kwa upole wa mgonjwa anayemkaribisha mgonjwa mwenzake. Yeye alikuwa na yake, ya bluu, ya pumu, aliyokuwa akipuliziwa kinywani tangu alipojifunza kutembea. Kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa kikilia wakati wa baridi, nyumbani walimwita Kifaranga. Wahenga walituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mtu anayejitangazia maradhi asiyokuwa nayo hawakusema kitu, labda kwa sababu hawakutegemea angetokea mpumbavu wa namna hiyo.

Lakini tusimwonee. Kinyozi alikuwa amejitahidi. Sigara za kawaida aliziacha siku daktari alipomwambia, mbele ya mkewe, kwamba moshi na kifua cha mtoto yule havikai nyumba moja. Alitoka pale akaitupa pakiti kwenye pipa la taka la hospitali, na kwa siku kadhaa akawa mtu wa kugombana na mashine zake za kunyolea. Kuna mteja alitoka na kisogo chenye mabonde na vilima. Ndipo muuza duka wa ng'ambo ya barabara, wanayemwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, akamwuzia sigara ya umeme, vepu, ile ndogo kabisa ya wanaoanza. Ilikuwa nyembamba kama kalamu na ina kitufe kimoja tu.

"Hii ni ngazi," Kinyozi alimwambia mkewe. "Nashukia kidogo kidogo mpaka chini, halafu naitupa."

"Mungu asaidie isije ikawa ya kupandia," mkewe alisema.

Aliivutia nje tu, mlango umefungwa, na kazi ya kuijaza aliichukua mkewe. Mikono ya Kinyozi ilikuwa na mafuta ya nywele wakati wote. Mara ya kwanza aliyamwaga yale maji ya kuvuta juu ya kitambaa cha meza, mara ya pili kwenye kochi, na nyumba nzima ikanuka embe la bandia. "Lete huku, utatumalizia nyumba," mkewe alisema. Tangu hapo kila asubuhi akawa anamjazia kijiti chake kama anavyomjazia chupa ya chai, na Kinyozi akaona huo ni upendo, na kweli ulikuwa upendo.

Miezi ikaenda. Kisha kile kijiti kikaanza kuishiwa nguvu.

Mwanzoni kilikuwa kikimkwaruza koo kidogo, kichwa kinatulia, anarudi kwa wateja na maneno matamu. Sasa alivuta, akavuta tena, mvuke ukatoka mwingi tu, lakini ilikuwa kama kunywa chai iliyosahauliwa majani. Alibadilisha koili, ule waya mdogo wa ndani unaochemsha maji. Alikichaji usiku kucha. Wapi!

"Pampu yangu imechoka," aliwaambia jioni moja wakila. "Navuta weee, haifiki."

Kifaranga aliacha kutafuna. "Haifiki kifuani?"

"Haifiki, mwanangu."

"Ukivuta unahesabu mpaka kumi ndio unatoa? Mimi mama huwa ananihesabia."

"Nitajaribu kuhesabu," baba alisema, akacheka. Mtoto hakucheka. Mkewe alikusanya sahani, na kabla hajageukia jikoni Kinyozi aliona tabasamu dogo kwenye kona ya mdomo wake. Alidhani anamcheka.

Kesho yake alivuka barabara. "Profesa, kile kitu chako kimezeeka."

"Hakijazeeka, wewe ndio umekua." Profesa alikiweka kiganjani, akakipima kama anayechagua ndimu sokoni. "Hiki ni cha chekechea, bwana. Nikuulize. Chaji inafika jioni?"

"Haifiki."

"Zamani ulivuta mara moja ukatosheka. Siku hizi je?"

"Siku hizi navuta mpaka mashavu yanauma."

"Koo linakwaruza?"

"Wapi."

"Sasa unangoja nini? Mtoto viatu vikimbana, unamkata vidole au unamnunulia viatu? Panda darasa, mzee." Akainama, akatoa chini ya kioo kitu cheusi, kinene kama tochi ya mlinzi, chenye kidirisha cha namba zinazowaka. "Hii ukivuta, inafika mpaka kwenye nyayo."

Kinyozi aliishika. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima, na mkono wake uliipenda kabla kichwa hakijaamua. Akairudisha. Alijua vizuri kwamba anayetaka kushuka hahitaji ngazi ndefu zaidi. Lakini alijua pia kwamba juzi, akipita kwenye kibanda cha sigara, miguu yake ilipunguza mwendo bila ya kuamriwa. Siku zile alimnyoa kila mteja huku akiwaza jambo hilo hilo. Abaki na kidogo ambacho hakimsaidii, siku moja ashindwe arudi kwenye moshi? Au achukue kikubwa, atulie, kisha ndipo aanze kushuka upya? Kila akiliangalia, jibu lilikuwa lile ambalo mkono ulikwishalitoa.

Usiku ule alimgusia mkewe.

"Baba Kifaranga," mkewe alisema, "ngazi ya kushukia, mbona unatafuta ghorofa?"

"Hiki kimekufa. Nikibaki nacho nitarudi kwenye sigara. Unataka nirudi kwenye sigara?"

"Nataka uvumilie. Kidogo tu, mwezi huu uishe."

"Mwezi ukiisha kuna nini?"

"We vumilia."

"Mimi sipumui vizuri, mama Kifaranga! Sifanyi kazi, silali, halafu unaniambia nivumilie kama mtoto!" Alitaka kusema kwamba hatulii, hana raha, ila neno lililotoka ni hilo la kupumua. Walipandishiana sauti mpaka wakachoka, wakageuziana migongo. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi.

Kiswahili nacho kina mzaha wake. Mwenye kifua ni mgonjwa wa kifua, na mwenye kifua ni yule ajuaye kutunza siri. Kifaranga alikuwa na vyote viwili. Aliyoyasikia usiku ule hakumwambia mtu.

Asubuhi alimletea baba yake koti, kama alivyozoea, akalishika kwa mikono miwili mpaka baba akachuchumaa alivae. Akalipapasa kifuani.

"Baba, leo utapumua vizuri."

"Na wewe pia, mama," Kinyozi alisema, akambusu paji la uso, akatoka. Kazini alilitundika koti msumarini, akavaa aproni, na koti likakaa pale hadi jioni bila kuguswa.

Alinunua alasiri, wateja walipopungua. Hakukaa kufikiri tena. Alivuka barabara kama mtu aliyetumwa. Profesa akamjazia yale maji makali, akamwonyesha vitufe, akamwambia aanze taratibu. Kinyozi alirudi akasimama mlangoni pa duka lake, akavuta. Koo likakwaruza. Kichwa kikazunguka, akashika fremu ya mlango huku anakohoa na kucheka. Ilifika. Alikuwa bado anacheka simu ilipolia.

"Pampu iko wapi?" Mkewe hakutoa hata salamu.

Kinyozi akajua ameshikwa, tena mapema hivyo. "Ninayo hapa. Nimeshanunua, mama Kifaranga, basi. Tusigombane kwenye simu."

"Umenunua nini?"

"Si hii kubwa. Ilikuwa lazima, nilikwambia..."

"Ya mtoto! Nauliza ya mtoto!" Nyuma ya sauti yake Kinyozi alikisikia kile kifua, kile kilio chembamba cha kifaranga, lakini safari hii kilikuwa kinakatika katikati. "Jirani kachoma taka, moshi wote umeingia ndani. Pampu haipo!"

"Iko kabatini."

"Haipo kabatini! Nimepindua nyumba nzima! Namkimbiza hospitali!" Simu ikakatika.

Alilinyakua koti, hata duka hakufunga.

Hospitalini walikuwa wameshamwingiza chumba cha ndani. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo aliona miguu ya bintiye, soksi mguu mmoja tu, na mashine ikipuliza mvuke kwenye barakoa iliyokuwa kubwa kuliko uso wake. Mvuke ulikuwa mweupe, mwingi, sawa kabisa na ule aliokuwa akiutoa mlangoni mwa duka. Daktari alitoka, akawatazama wote wawili kama watu waliomkosea yeye binafsi.

"Mmemchelewesha," alisema. "Mtoto wa namna hii pampu haikai mbali naye. Tumempa dawa, tumemwekea hewa. Kama kifua kitafunguka tutajua asubuhi. Ingieni mmoja mmoja, na msimsemeshe sana."

Walikaa kwenye benchi. Mkewe alikuwa na kandambili za ndani, kanga imefungwa ovyo.

"Nikwambie kitu," alisema bila kumtazama. "Ile yako ndogo haikuwa mbovu."

"Mama Kifaranga, si sasa hivi."

"Sasa hivi. Nilikuwa nakuachisha. Kama nilivyomwachisha huyu ziwa, kidogo kidogo, asijue. Nilinunua yale maji yasiyo na nguvu, yasiyo na nikotini, nikawa nachanganya, kila nikijaza naongeza. Siku za mwisho hizi nilikuwa nakutilia hayo matupu. Ulikuwa unavuta mvuke mtupu, baba Kifaranga. Ulikuwa umeshaacha. Nikasema mwezi ukiisha nikwambie, tucheke."

Yale makali ya alasiri yalikuwa bado yanamwenda Kinyozi mwilini, vidole vinamwasha, na hapo hapo, mtoto wake akiwa ndani vile, alikuwa anaitamani nyingine. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Alikuwa ameshaacha, kumbe, na leo ameanza upya kwa pesa yake mwenyewe.

Machozi yalimjia. Alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa kifuani, kutafuta leso. Leso ilikuwepo, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ile ndogo ya shule, yenye maua, imefungwa fundo mara mbili kwa mikono isiyojua bado kufunga vizuri. Alijua kilichomo kabla hajafungua. Akafungua hata hivyo. Pampu ya bluu ilimlalia kiganjani, nyepesi, haina hata uzito wa kitana.

Mkewe aliiona. Alifungua kinywa, akakifunga kwa kiganja, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Haikuhitaji kuelezwa. Mmoja alidanganya kwa aibu, mwingine alificha kwa mapenzi, na aliyewaamini wote wawili alikuwa na umri wa kung'oka meno ya utoto.

"Nenda wewe," mkewe alisema kutokea magotini. "Mwambie ukweli. Mwambie huna pumu, asije akarudia."

Kinyozi aliingia. Kifaranga alikuwa macho, midomo imepauka, mbavu zikipanda na kushuka kwa kazi kubwa. Alipomwona baba yake alijaribu kuivuta barakoa. Kinyozi akamzuia mkono, akaushika. Alikuwa ameyapanga maneno tangu mlangoni. Baba hana kifua, mwanangu. Baba alikudanganya. Yalikuwa machache, hata mtoto angeyaelewa.

"Baba," mtoto alinong'ona chini ya plastiki, na kila neno lilikuja na pumzi yake. "Ilifika?"

Kinyozi alimtazama yale macho. Yalikuwa yanangoja, na yalikuwa na furaha.

"Ilifika," alisema.

Kifaranga alifumba macho, ameridhika. Mashine ikaendelea kupuliza. Kinyozi akaitoa ile pampu ya bluu ili amwekee pembeni ya mto, na mtoto, bila kufumbua macho, akaigusa, akaitambua, akaisukuma irudi kwake.

"Kaa nayo," alisema. "Mpaka upone."