Bolti ya Hamsini

"Sahihi ni ya nani?" mhandisi mkuu aliuliza, akiugonga mchoro kwa kidole.

"Yangu," alijibu dada mchoraji.

"Basi kusanya vyako. Kinu kimerusha kifuniko, baba wa watu amekatwa mkono, kisa nati ilishika meno mawili tu ya bolti. Mawili!"

Meza ya pili, Rula alijifanya ameikodolea macho kompyuta yake. Jina lake halisi lilikwishasahaulika ofisini, maana hatembei bila rula mfukoni. Miaka kumi na minne nyuma ndiye aliyechora, moja moja, bolti, nati na beringi zote za kawaida, akaziweka kwenye maktaba ya kompyuta ili wenzake wachukue na kubandika tu. Na alivyojivuna nayo! Ukithubutu kuchora bolti yako, anakujia juu. Huyu dada alijaribu siku moja, akaambiwa mbele ya watu, "Mdogo wangu, wewe unajua kuliko maktaba? Chukua iliyopo, acha ubishi." Tangu siku hiyo hakubisha tena.

Lakini mbona kwenye mchoro bolti imejitokeza vizuri upande wa pili wa nati? Rula aliifungua maktaba, akaichagua bolti ya hamsini, akaipima kuanzia chini ya kichwa. Milimita hamsini na nane.

Akapima tena. Hamsini na nane.

Loo! Akakumbuka. Urefu wa bolti hauhesabu kichwa. Hata fundi wa juzi analijua hilo. Yeye siku ile alichukua moja stoo, akaipima nzima nzima, kichwa na mwili, akachora mwili wa urefu huo, kisha akabandika kichwa kingine juu yake. Mtu mzima na akili zake! Kwenye kioo cha kompyuta bolti ikatosha. Dukani ikanunuliwa ya hamsini, kiwandani ikapelea.

Angeweza kuirekebisha pale pale, na nani angejua? Mkewe alikuwa mwezi wa tatu kitandani, na matibabu yake yote yalitegemea kazi hii. Akamtazama dada akikiviringisha kikombe chake kwenye gazeti, hata kulia halii. Rula akajichukia.

"Mhandisi, mwache," alisema. "Kosa ni langu."

Akaeleza yote. Dada akakiacha kikombe, akampa mgongo, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Mhandisi naye hakufoka. Aliketi taratibu.

"Kaka, bolti hiyo iko kwenye michoro mingapi?"

Hilo Rula hakuwa amelifikiria. Akaiagiza kompyuta itafute. Orodha ikaanza kushuka: vinu, winchi, mashine za kukamua mafuta, mia tatu na ushee, na bado inashuka. Akanyakua simu, akakipigia kiwanda cha kwanza kwenye orodha.

"Zimeni mashine!"

"Nani mwenzangu?"

"Kinu! Kizimeni, kifuniko kitaruka!"

"Sikusikii, baba," mwanamke alijibu kwa uchangamfu, akipaza sauti juu ya ngurumo. "Nimesimama hapa hapa kwenye kinu. Ngoja nimalizie gunia hili, nakuja."

Akaiweka simu kando bila kuikata. Rula akabaki ameibana yake sikioni, akisikiliza kinu kikisaga.